Kosa Mara Nne

Njia ya Naryn ilifungwa Jumanne,
theluji ikafika kwenye kioo cha lori,
nami nikarudi nyumbani kwa miguu, mikono mitupu,
mgeni ndani ya nyumba yangu mwenyewe,
sijui hata sukari inakaa wapi.

Jildiz hakuniuliza habari za mzigo.
Alinipa sindano ndefu kama kidole cha shahada,
akasema: Kaa. Wenzako wameshaanza.

Wenzangu: Aizirek wa miaka kumi na mmoja,
chaki sikioni kama seremala;
na Bektur wa miaka sita, ambaye jino lake la mbele
liling'oka juzi na bado analitafuta kwa ulimi.

Sakafuni, vipande viwili vya sufu iliyoshindiliwa,
kimoja chekundu kama komamanga,
kingine buluu ya usiku wa manane,
kimoja kimelala juu ya mwenzake.
"Baba, sikiliza," Aizirek akaanza, nami nikatega sikio
kama mwanafunzi aliyechelewa shule miaka thelathini:
"Tunakata vyote viwili kwa kisu kimoja.
Kisha pembe nyekundu ya kondoo inahamia shamba la buluu,
na pembe ya buluu inahamia shamba jekundu.
Hakuna kinachotupwa. Mazulia mawili, kazi moja."
Nikauliza kwa nini lazima pembe zilingane.
Akakunja karatasi mara mbili, akakata, akaifunua,
na hapo nikaelewa kile ambacho mwalimu wangu wa hesabu
alishindwa kuniingizia kwa fimbo.

Umeme ulikatika saa kumi. Jiko likala samadi kavu,
taa ya lori langu, niliyoing'oa pamoja na betri yake,
ikaning'inia darini.
Tukakata kwa zamu.
Ikafika zamu ya Bektur.

Hakukata pembe.
Alikata kitu chenye pua, chenye mgongo, chenye magurudumu,
haraka, ulimi umechungulia kwenye pengo,
na kisu hakina kifutio.
Kilipita nyekundu, kikapita buluu.
Kosa likazaliwa pacha.

Kimya.
Sufu ya kondoo kumi na wanne. Kiangazi kizima
cha kufua, kuchambua, kumwagia maji ya moto, kukanyaga.
Neno lilinifika kwenye ncha ya ulimi, lile la baba yangu,
fupi, lenye makali kushinda kisu.
Niliijua ladha yake. Nililimeza nikiwa na miaka saba,
siku nilipochora farasi kwenye mlango wa zizi,
na tangu hapo sikuchora farasi tena, wala kitu kingine.
Nikalimeza mara ya pili.

"Ni nini hiki?" Jildiz aliuliza, wala hakufoka,
aliuliza kama mtu anayetaka kujua.
"Lori la baba," Bektur akasema. "Linarudi."

Aizirek akapima kwa shubiri. Akahesabu kwa vidole.
"Likiwa moja ni kosa," akasema,
"lakini tukilirudia kila pembe, mara nne, ni nakshi."
Mama yake akacheka mpaka sindano ikamdondoka.

Basi lori la pili akalikata Aizirek, limenyooka kama rula.
La tatu ni la Jildiz, akaliongezea moshi.
La nne ni langu. Mkono ulinitetemeka,
mimi ninayeshuka mlima usiku bila kupepesa jicho.
"Toa ulimi, baba," Bektur akanielekeza. "Ndivyo linavyotoka."
Nikautoa.
Limetoka kama farasi kidogo.

Njia ilifunguliwa siku ya ishirini.
Mazulia hayajaisha; wanashona bila mimi, najua,
na wananihesabia mishono niliyowaachia.
Nimebeba kipande cha kukalia, na uzi, na ile sindano.
Hapa kwenye foleni ya mpakani madereva wananicheka,
mwanamume mzima, miwani puani, anadarizi usukanini.

Jana usiku mmoja wao aligonga mlango wa lori.
Ana binti, alisema.
Aliuliza kama nina sindano ya ziada.