Sikio la Kushoto

Mwalimu Mwakibete aliandika kitenzi ubaoni,
herufi nne za Kiingereza, kwa chaki yenye unyevu,
mvua ya Tukuyu ikitwanga bati
hata tukawa tunamwona tu midomo.
"Maana yake kutii!" akapaza.
Ubao nao mweusi tii. Tukacheka. Akagonga meza.

Kisha akasema jambo lisilo la mtihani:
neno hilo Waingereza walilitoa kwa Wafaransa,
nao kwa Walatini,
na ukilipasua
ndani utakuta kusikia,
kusikia huku umemgeukia anayesema.

Nikamkumbuka mama: gwe, pilika!
Hakuwa akiulizia uzima wa masikio yangu.
Nikamkumbuka mkuu wa methali, na lile guu.

Lakini zaidi shangazi Tusajigwe,
aliyeachiwa na surua sikio moja, la kushoto.
Bwana shamba alipokuja kuamuru
migomba ing'olewe, chai ifike mlangoni,
alimtegea la kulia,
akiitikia kwa kichwa, ehe, ehe,
vidole vikipukuchua maharage.
Ila mjukuu akikohoa chumba cha pili,
kikohozi cha panya,
shangazi alikwisha simama,
maharage yamemwagika sakafuni.

Kwenye mtihani nilijibu: kutii.
Nikapewa alama yangu moja.
Mstari wa kujazia ulikuwa mfupi mno
kuieneza ile migomba,
ambayo hadi leo
inadondosha mvua juu ya paa lake.