Viti Thelathini

Kila Alhamisi napanga viti thelathini,
ingawa najua.
Bi Leida, mkuu wa maktaba, hataki kusikia hesabu zangu.
Kiti kitupu ni mwaliko, husema,
kiti kisichopangwa ni tusi.
Basi navipanga, mistari mitano, sita sita,
katika ukumbi uliokuwa kiwanda cha jibini,
ambao kuta zake, theluji ikizidi,
bado zanuka maziwa yaliyoganda.

Tangazo nimelibandika kwa mkono wangu
kwa muuza mkate, kituoni pa basi, mlangoni pa zahanati:
MAZUNGUMZO YA UTAMADUNI. KARIBUNI NYOTE.
Na chini, kwa herufi nene kuliko mada yenyewe:
BURE.
Neno hili lina nuksi.
Watu hulipita
mikono mifukoni,
kana kwamba litawadai.

Wiki jana alikuja mfinyanzi; wakaja wanne.
Kabla yake, binti kutoka Tartu, na mashairi yake,
akiyasoma kwa sauti ya mtu anayeungama:
tisa, watano wakiwa shangazi zake.
Usiku wa uyoga wa msituni tulijaa hadi ngazini,
maana uyoga huliwa.

Leo ni reli.
Nje, nyuzi kumi na nne chini ya sifuri.
Heino kaja, aliyefuata biskuti.
Mapacha wawili, waliotumwa na mwalimu.
Arvo, asiyesikia sikio la kushoto,
kakaa upande usiofaa, kwa ubishi tu.
Mume na mke waliokosea mlango,
wakitafuta darasa la densi,
wakaona haya kutoka.
Na Vaike, kando ya hita, koti hajavua.
Nimekuja kuota moto, aliniambia,
kuni zimepanda bei. Usinipe kijitabu.

Daktari Kaldmaa wa chuo kikuu akawasha projekta.
Akataja kilomita, upana wa njia, mwaka wa kung'olewa mataruma.
Heino akala biskuti ya nne.
Ikaja picha: kibanda, kizuizi cha mbao,
msichana kanyanyua kitambaa, uso umefifia.
"Mlinzi wa kivuko na bendera yake," akasema daktari.
"Jina halijulikani."

"Linajulikana."

Sauti ilitoka penye hita.

"Na hiyo si bendera. Ni aproni.
Bendera ililiwa na ndama."

Mapacha wakacheka, kisha wakaacha.
Akasimama, koti lake lile lile,
akatuambia dereva yupi alimrushia makaa ya mawe
bila kupunguza mwendo, yupi alirusha matusi;
kwamba treni ya saa kumi na mbili na robo
haikupata kufika saa kumi na mbili na robo,
"kwa hiyo hapo, bwana, futa";
kwamba miguu huisikia reli kabla ya masikio,
na Arvo akahama kiti, akamletea sikio la kulia.

Mwezi Machi, akasema, nikiwa na miaka kumi na sita,
ilipita treni isiyo kwenye ratiba.
Usiku. Madirisha yamepigiliwa mbao.
Hiyo nayo niliipungia aproni.
Kisha akaomba maji.

Hakuna aliyemuuliza.
Daktari alikuwa ameketi zamani, mstari wa mbele,
penseli mkononi, projekta ikiwaka bure.

Fomu ya manispaa ina kisanduku kimoja: waliohudhuria.
Nikaandika saba.
Nikafuta, nikaandika nane,
kwani mhadhiri naye alihudhuria.

Mlangoni Vaike alikuwa akifunga vifungo.
Alhamisi ijayo ni nyuki, nikamwambia.
"Nyuki siwajui," akasema.
"Nitakuja kukaa tu."