Kofia Saba za Uyole

Boom lilikauka tangu Juni.
Chumbani Iyunga tulibaki na chumvi, kibiriti,
na nusu ya parachichi ambayo Ambakisye aliifunika kwa sahani
kama siri ya ukoo.
Ndipo Nane Nane ikatukuta.

Tulitoka alfajiri, baridi inang'ata masikio,
kila mtu na begi tupu mgongoni.
Sheria moja tu, Ambakisye aliitunga getini:
"Uliza swali. Anayeuliza moja hupewa kalamu,
anayeuliza mawili hupewa kofia."

Nikauliza.
Niliuliza riba ni asilimia ngapi, nikapata kalamu ya kijani.
Niliuliza bima ya ng'ombe (ng'ombe sina, hata wa kuchora)
nikapewa mwavuli uliokubali kufunguka mara moja tu maishani mwake.
Niliuliza kwa nini mbolea inanuka.
Yule bwana alicheka mpaka akavua kofia yake mwenyewe
akanivisha, ingali na joto la kichwa.

Lo, utamu wake!
Si utamu wa kitu, maana kitu chenyewe
ni kijikopo cha mtindi, ulimi ukipita mara tatu kimekwisha.
Ni ule mkono kunyooka mtupu
na kurudi umejaa, mfuko wala haujui.

Banda la maziwa tulilizunguka mara nne.
Mara ya tatu Ambakisye alivaa miwani yangu,
akajikwaa kwenye kamba ya hema.
Mara ya nne binti mwenye kijiko akatutazama, akauliza,
"Kwani kwenu mlizaliwa mapacha wangapi?"
Akatujazia.

Kwenye madaftari ya wageni nilikuwa Mkulima,
nikawa Mfugaji wa Samaki,
nikawa Katibu wa Kikundi cha Vijana, Isanga,
na jioni, mkono ulipochoka, nikawa Mengineyo.

Hema la damu, nesi alituuliza tumekula nini.
"Vionjo," akajibu Ambakisye,
neno lake la kwanza la kweli siku ile.
Nesi akaikataa damu yetu, akatupa biskuti.

Usiku tukamwaga hazina kitandani:
kofia saba, kalamu kumi na moja, nne zinaandika,
kalenda ya mwaka uliobakiza miezi minne,
fulana ya benki ya kuwatosha watu wawili na mgeni,
mgongoni imeandikwa WEKA AKIBA MAPEMA.
Na chini kabisa, kipakiti cha maharage,
kiganja kimoja, yamepakwa rangi ya waridi.
Ambakisye alishabandika sufuria
nilipomwonyesha fuvu dogo pembeni mwa pakiti:
dawa. Ni ya kupanda, si ya kula.
Alinyamaza muda mrefu, kama mtu aliyefiwa.

Nikayatuma Tukuyu kwa mama,
pamoja na fulana, na ile kalamu ya kijani.
Jirani akaniambia baadaye: mama huivaa shambani kwenye chai,
imemfika magotini, ukungu ukishuka
yeye huonekana herufi tu,
WEKA AKIBA inapanda mlima peke yake.

Misimu miwili ikapita.
Siku moja kondakta akapiga simu: njoo stendi, una mzigo.
Debe la maharage, limefungwa kwa kamba ya mgomba,
na juu yake karatasi, mwandiko wa kijani:

*Mwanangu, vile viganja vyako viliota.
Nauli ya mzigo utalipa wewe.
Desemba njoo na mikono yako, palizi inangoja.
Cha bure kiliishia hukohuko Uyole.*

Ambakisye aliisoma mara mbili, mdomo umejaa,
akafuta mchuzi kidevuni,
akauliza kama huko kwetu, wakati wa palizi,
huwa wanagawa kofia.