Pembe

Bibi yangu wa Kojani alinifunza mapema:
dunia imewekwa juu ya pembe ya ng'ombe,
naye ng'ombe akichoka huihamisha,
pembe hii kwenda pembe ile,
nasi huku juu tunasikia vikombe
vikigongana kabatini.
Nilikuwa na miaka saba. Nikauliza:
ng'ombe mwenyewe kasimama juu ya nini?
Akanambia, Salhina, kula muhogo wako.

Leo niko Wete, afisi isiyo na feni,
mbele yangu karatasi ya hesabu
ya wodi mpya ya wazazi.
Uzito wa jengo: tani mia sita na arubaini.
Kizidishi cha zamani: sufuri nukta sufuri nne.
Yaani ardhi ikitikisika
jengo litasukumwa ubavuni kwa tani ishirini na tano
na vipande.
Mwalimu wetu alikuwa akicheka: Andikeni tu,
huku kwetu hiyo ni desturi, kama kuvaa tai.

Kisha ukaja ule usiku wa Jumatano,
maji ya ndooni yakacheza bila mkono,
na skuli moja huko njia ya Konde
nguzo yake ya kona ikapata ufa wa mshazari.
Hakufa mtu.
Nilikwenda na tochi, nikatia kidole ufani,
nikaigusa ringi: imefunguka
kama kiganja cha mtu aliyesinzia.

Nimefuta. Nimeandika sufuri nukta moja.
Nikazidisha tena kwa moja nukta nne,
maana sokoni watu hukimbia,
afisini huruka madirishani,
lakini mwenye uchungu hakimbii.
Kichwa cha mtoto kiko njiani,
humwambii, Mama, tafadhali, nje.
Tani tisini kasoro.
Nikaisoma namba ile kwa sauti.
Feni ingekuwepo, ingenyamaza.

Bwana Mbarouk Shoka wa kamati ya ujenzi
akaja na kikokotoo chake cha dukani.
"Nondo za kumi na mbili zimekuwa kumi na sita?
Ringi kila sentimita kumi? Mwanangu,
wajenga wodi au wasuka dema?"
Dema, nikamwambia. Ndiyo.
Dema huviringishwa na mkondo
na kilichomo hakimwagiki.
Akabonyeza, akafuta, akabonyeza.
"Basi tao la mlangoni tuliache. Na marumaru."
Tukaviacha.
Moyo uliniuma, tao lile nililichora mwenyewe.

Fundi Shaame amekunja chuma miaka thalathini,
mraba kwa mraba, kama kona ya mkeka.
Kunja zaidi, nikamwambia, ipite mraba,
ncha iingie ndani, ilale kifuani mwa zege,
digrii mia na thalathini na tano.
Ya kwanza aliikunja kwa hasira.
Ya pili kwa udadisi.
Kufika ya kumi alikuwa anapiga mluzi.
Jioni, akifuta kutu viganjani, akauliza:
"Na pembe hii, nani aliyeipima?"
Waliohesabu maiti, Fundi. Mbali na hapa.
Hakusema kitu. Akazirudia ringi zote za asubuhi,
hata zile nilizokwisha kuzipitisha.

Siku ya kufungua walisifu rangi.
Walisifu mabomba, na vitanda, na pilau.

Bibi, ng'ombe wako bado yupo.
Amechoka kiasi gani, sijui,
na kitabu nacho hakijui, kinakisia kwa adabu.
Usiku mwengine nashtuka, namba ile kichwani:
ingelikuwa nukta moja mbili, je?
Ingelikuwa mbili kamili?
Nawasha taa, nakaa kitandani,
nasikiliza vikombe.