Saa Sita za Nyundo

Dukani Dewsbury sikutazama nembo.
Nililishika gongo kwa vidole viwili,
nikaligonga kwa kifundo, sikio karibu.
Moja lilijibu kama mlango wa kabati,
jingine kama mtu aliyeamshwa ghafla.
Hilo la pili. Mistari saba usoni, mmoja umepinda,
na chini, karibu na ncha, doa la kahawia.
"Lina doa," Mehwish akanung'unika.
Mwanangu, doa halizuii mpira kuruka.

Mwerebi mpya haujazoea kupigwa.
Unaupaka mafuta ya kitani, kijiko tu,
unaulaza chali hadi asubuhi,
kisha nyundo ya mti: kingo kwanza, taratibu,
ncha, halafu uso,
saa sita zote, nusu saa kila jioni,
nikitoka zamu ya basi, buti bado mguuni.

Ukuta wetu mwembamba. Siku ya tatu
Bwana Hebblethwaite akaugonga kwa fimbo: basi!
Nikahamia jikoni, nikatandika taulo, nikaendelea.
Siku ya kumi na mbili nilibonyeza ukucha,
haukuacha alama.

Jumamosi Mehwish alitolewa mpira wa nne.
Akarudi hasemi, akaliegemeza mlangoni.
Usoni pa gongo alama moja nyekundu,
katikati kabisa: mpira wa tatu.
Alipita akaigusa. Akapita tena.

Usiku, nyumba kimya.
Mara ukutani, ngo, ngo,
na sauti ya kikohozi:
"Vipi huko? Mbona hamgongi?"