Miwani ya Mpishi

Alfajiri ya Kalinzi haina haraka.
Ukungu umelalia mikahawa, jogoo wa Gwasa anasitasita,
mimi nishaamka, nishatwanga sombe,
na mchi umenichosha mgongo kabla ya kukichosha kinu.
Watoto mia tatu na kumi na wawili.
Siwahesabu kwa majina, nawahesabu kwa sahani,
na sahani hazisemi uongo:
za Jumatatu hurudi zimelambwa
mpaka maua yaliyochorwa yameanza kufifia.

Dagaa wamepanda mlima usiku, kwa pikipiki ya Bitegeko,
wabichi bado, wanang'aa kama sindano mpya.
Barafu imeyeyuka njiani, suruali yake chapachapa,
anacheka: "Mama, leo nimebeba ziwa mgongoni!"
Nimewaosha maji matatu.
Kichwa sikitoi.
Kichwa cha dagaa ndicho meno ya mtoto mwakani.

Mawese ni ya Simbo, mekundu ya kweli;
ukiyamimina, sufuria nzima inavaa kitenge.
Mchicha ni wetu wenyewe, upo nyuma ya darasa la tano,
pale maji ya kunawia mikono yanapokimbilia.
Wanaumwagilia kwa zamu,
na anayekwepa zamu, magugu humtaja.

Juzi mwenyekiti wa kamati, bwana Rukonkwa,
kaniletea karatasi yenye muhuri.
Majina arobaini na moja.
Wazazi wao hawajatoa debe la mahindi,
wala maharage, wala elfu mbili ya kuni.
"Hawa," kasema, "wakae darasani wenzao wakila.
Tukiwahurumia hawa, kesho hatoi mtu."
Sikumbishia. Si mtu mbaya, na stoo kweli inapungua,
panya wenyewe wameanza kuhama.
Nikaipokea kwa mikono miwili. Nikampa chai.

Herufi nazijua, nimesoma mpaka la saba.
Jina la tatu ni Tulinabo;
mama yake tulibeba kuni pamoja, yeye akiwa tumboni,
akipiga mateke kila tukipanda kilima.
Jina la kumi na tisa ni yule anayelia saa ya hisabati.
Mwalimu anadhani hesabu ni ngumu.
Tumbo likinguruma, mwalimu,
hata kuzidisha hugeuka kutoa.

Kengele. Foleni. Vumbi la miguu mia sita na zaidi.
Nikapakua. Ugali, sombe, dagaa, kipande cha parachichi.
Nikapakua, nikapakua,
mpaka mwalimu wa zamu akaniinamia sikioni:
"Mama Nyamwiza, ile orodha?"
"Ninayo."
"Mbona wote wamo kwenye foleni?"
"Miwani nimeisahau nyumbani, mwanangu. Macho ya uzee.
Hebu nisomee wewe.
Kwa sauti, wasikie. Jina moja moja."

Akaikunjua.
Akaitazama foleni, foleni ikamtazama.
Tulinabo alikuwa ameshika sahani yake kwa mikono miwili,
kama mimi nilivyoishika ile karatasi.
Mvuke wa sombe ukapita katikati yetu.
Mwalimu akakohoa.
"Miwani," akasema, "usisahau kuileta kesho."
"Kesho, Mungu akipenda."
Kisha akakunja mikono ya shati, akachukua upawa wa pili,
maana foleni ilikuwa ndefu na jua limeshapanda.

Sijawahi kumiliki miwani.
Kikao cha wazazi ni Ijumaa, nitakwenda,
nitasema yangu nikiwa nimesimama,
na debe langu la mahindi nitalibeba kichwani walione.
Karatasi nimeikunja mara nne,
nikaiweka chini ya mguu wa meza ya jikoni
iliyokuwa ikichechemea tangu masika.
Sasa imetulia.

Sahani zimerudi zote, mia tatu na kumi na mbili.
Moja tu imebakiza kichwa cha dagaa,
kimefichwa chini ya ganda la parachichi.
Namjua ni nani.
Kesho nitakitwangia ndani ya sombe,
atakula, na hatajua.