Sisi Gani?

Suva, mvua ya tatu tangu alfajiri.
Juu ya meza ya kamati diwani ya taifa imelala,
kurasa mia tatu, haijavishwa jalada,
na Vilimaina amekwama kwenye neno moja.

Shairi ni la shangazi yangu, Phulkuari.
Aliliandika kwa penseli nyuma ya stakabadhi za kiwanda:
upande mmoja uzito wa miwa,
upande wa pili uzito mwingine.
Aliliandika kwa Kihindi chetu cha mashambani,
kile ambacho wasomi wa Delhi wangekicheka.
*Ham log*, alisema. Sisi
tuliong'oa mawe ya bonde hili
hadi viganja vikasahau kukunjuka.

Vilimaina analitia katika Kifiji chake.
Akaweka kalamu chini. "Sisi gani?"
Nilidhani ananitania.
"Kwetu sisi si moja," akasema.
"Kuna *keda*: sisi, na wewe unayesikia umo.
Kuna *keimami*: sisi, na wewe unayesikia humo.
Shangazi yako alikuwa akisema na nani?"

Babu yangu aliitwa Bidesi, yaani mtu wa ng'ambo,
jina alilopewa kijijini kwao
kabla hajaiona bahari.
Alitia dole gumba kwenye mkataba asioweza kuusoma.
Wenzake wakauita girimiti,
maana ulimi hukatakata kile usichoweza kumeza.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
babu alikabidhiwa jembe kabla ya maji,
na sisi, wajukuu wa jembe lile,
bado tunahesabiwa tuko siku ya pili.

Muda wa kukodi shamba ulipokwisha
shangazi aliyavua mabati kwa mikono yake,
akayahesabu, akayapakia lorini, arobaini na moja.
Bati moja lilibaki juu ya banda la mbuzi.
Alilizungumzia bati hilo hadi anakufa.

"Andika *keimami*," nikasema.
"Alikuwa akisema na sisi tu.
Wengine hawakuwa wakisikiliza."

Vilimaina alilitazama dirisha, mvua, bandari iliyofutika.
"Basi nitatolewa nje ya shairi hili
kwa lugha ya mama yangu.
Nitalisoma nimesimama mlangoni, viatu mkononi."
Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma.
Lakini, sitaficha, kuna kipande changu kilichofurahi:
siku moja tu, na wewe simama hapo.

Mwenyekiti Apakuki akachungulia, saa mkononi.
"Wekeni lolote, mpiga chapa anangoja.
Dibaji imekwisha kusema sisi ni taifa moja."
Dibaji iliandikwa kwa Kiingereza,
lugha isiyomuuliza mtu kama yumo au hayumo.
Naye Fesaitu wa Rotuma, ambaye mashairi yake manne
yamewekwa mwisho kabisa, jirani na masahihisho,
alicheka peke yake kwenye kona.

Jioni wote walikuwa wameondoka.
Beseni la yaqona lilibakia na kina cha vidole viwili.
Tulikunywa kwa kupokezana kifuu kimoja, hatusemi.
"Kuna lingine," akasema, "dogo. *Kedaru*.
Mimi na wewe, basi."

Si kweli, nikamwambia.
Mawe ya bonde lile hayang'olewi na watu wawili.
"Najua," akasema, akaliandika,
kwa penseli, hafifu,
na juu yake alama ya kuuliza.

Ijumaa mpiga chapa alipiga simu.
"Hii alama ya kuuliza, ukurasa wa tisini,
ni sehemu ya shairi?"
Vilimaina alijibu ndiyo
kabla sijafungua kinywa.